Wazazi wa mtoto wa kwanza huku Kusini: baba apewe kazi yake nzima, asikae kama mgeni

Nyota ya Mikindani (mleta uzi)

Wakuu, kwema? Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Mtwara. Napita nyumba kwa nyumba kwa wajawazito na waliojifungua, na uzi huu ni kwa wenye mtoto wa kwanza au wanaomtarajia. Wenye watoto watano nao wasiondoke, tutawahitaji kwenye maoni.

Nyumba nyingi ninazoingia wiki ya kwanza zinafanana. Chumbani yuko mzazi, mama yake, shangazi, na jirani mmoja anayejua kila kitu. Mtoto kaviringishwa khanga tatu na joto lote hili. Baba yuko barazani na simu yake. Nikimuuliza mtoto ananyonyaje, ananijibu, “Waulize wenyewe huko ndani.” Wenyewe! Mtoto ni wa kwake.

Watu wanarahisisha, wanasema wanaume wa Kusini hawajali. Nimewasikiliza wengi na sioni hivyo. Wengi walijaribu. Siku ya kwanza kambeba mtoto, akaambiwa “utamtegua shingo”, akanyang'anywa. Siku ya pili kataka kubadili nepi, wakamcheka. Siku ya tatu akaona aah, ngoja nikatafute hela. Kazi ikawa imegawanyika bila mtu yeyote kukaa kikao: mama na mtoto, baba na mkaa, samaki na nauli. Kisha bibi anafunga mzigo anarudi Newala, wageni wanakatika, na ndani wanabaki wawili, mmoja keshafundishwa kila kitu, mwingine hajui hata nguo za mtoto zinakaa wapi. Magomvi mengi ninayoitwa kusuluhisha huanzia hapo. Mke anaona kaachiwa mzigo, mume anaona kila akigusa anakosea. Mtaani wanasema shida ni pesa.

Ninachoshauri ni hiki: baba awe na kazi moja au mbili za mtoto ambazo ni zake kabisa, kuanzia kuziwaza mpaka kuzimaliza. Akiwa wa kuogesha jioni, basi ni yeye anayechota maji, anayepima joto lake kwa kiwiko, anayejua sabuni inaisha lini. Mke asiwe msimamizi anayeita “njoo sasa, leta taulo, hapana, ile nyingine.” Mtu anayesubiri kutumwa hajapunguza mzigo wa mwenzake, maana kuwaza nako ni kazi.

Mtoto mchanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na kila mara inaweza kuchukua nusu saa. Piga hesabu mwenyewe uone mama ana saa ngapi zimebaki za kula na kulala. Kwa hiyo mbali na ziwa, kila kitu kingine kinaweza kufanywa na baba: kucheulisha, kubadili, kulaza, kufua, kutunza kadi ya kliniki, kufuatilia cheti cha kuzaliwa (kwa walio chini ya miaka 5 kinatolewa bure, kwenye kituo cha tiba au ofisi ya kata).

Na akina mama tusikilizane: ukimwachia, mwachie. Nepi ikikaa upande haijaua mtu.

Karibuni.

Mzee wa Msimbati

Mwanangu, umesema vizuri lakini unakimbia mno. Arobaini haikuwekwa na wajinga. Zamani binti wa mimba ya kwanza alikwenda kwao, akajifungua mikononi mwa mama yake, akala uji wa pilipili manga, akakandwa, akalala. Mume alibaki shambani, jioni anapeleka samaki, anasalimia mlangoni, anaondoka. Hatukugombana. Leo mnataka mwanaume afue nepi, kesho mtataka nini?

Ngalawa Bovu

Mimi nifue nepi mbele ya mashemeji? Bora nivuke Ruvuma nikaishi Msumbiji.

Fundi Mingoyo

@Ngalawa Bovu Ruvuma ina mamba mkuu. Nepi haina.

Nyota ya Mikindani

Shikamoo mzee wangu. Arobaini siigusi, naitamani irudi kama ilivyokuwa. Mzazi alikuwa na wanawake sita wa kumpokea mtoto, na kazi yake ilikuwa kunyonyesha na kupona. Ila angalia sasa. Vijana wamepanga chumba na sebule Magomeni, bibi ana shamba lake Kitangari na wajukuu wengine kumi, anakaa wiki mbili kisha anaitwa. Arobaini ya siku 14! Zile siku zinazobaki anazibeba nani? Aliyebaki ndani ni mume.

Kuna jambo jingine, mzee, na wewe unalijua kuliko mimi. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo umefuata upande wa mama. Mjomba ana neno kuliko baba, na mume alihamia ukweni. Hilo lilimfanya baba ajione mpita njia kwa watoto wake mwenyewe. Mimi nalitumia hilohilo: nikiona baba amefungiwa nje, siendi kubishana na bibi. Namtafuta mjomba wa yule binti. Mjomba akisema “huyu kijana afundishwe kuogesha mtoto”, bibi anakubali. Wenye mimba sasa hivi, mtumeni mjomba kabla ya kujifungua. Siku bibi ameshika ndoo ya maji moto si siku ya mkutano.

Dada wa Chuno

Asante kwa uzi. Mimi mtoto wangu bado hajamaliza miezi miwili. Mume wangu anataka, tena sana. Wasiotaka ni mama yangu na mama mkwe, na wamekubaliana jambo moja tu tangu tuoane: mume asilale chumba kimoja na mimi mpaka mtoto atembee, tusije tukambemenda, yaani mtoto adhoofike eti kwa sababu wazazi wamelala pamoja. Amehamishiwa sebuleni. Usiku mtoto akilia niko peke yangu, yeye anasikia na hathubutu kuingia. Asubuhi ananiuliza “mmelalaje”, natamani kumrushia chupa ya chai. Mnasemaje kuhusu hili? Wakunga mpo?

Mkunga Mstaafu, Nachingwea

Nipo mwanangu. Hili nimekutana nalo wodini miaka yote ya kazi, kwa hiyo nivumilieni nikiandika sana.

Yule mtoto anayeitwa amebemendwa, nilipokuwa nampokea, nilikuwa namkuta amekonda, misuli imelegea, anaharisha, nywele zimebadilika, amechelewa kukaa au kutembea. Kadi yake ukiifungua, mstari wa uzito umeanza kushuka miezi kadhaa nyuma. Huo ni utapiamlo, au kuhara kusikotibiwa, au malaria ya mara kwa mara, na wakati mwingine kifua kikuu au virusi vya UKIMWI ambavyo havijapimwa. Wazazi kulala pamoja hakuharibu maziwa. Manii hayaendi kwenye ziwa.

Lakini sitawacheka wazee. Mwiko ule ulifanya kazi moja muhimu: ulimzuia mwanamke asibebe mimba nyingine wakati wa kwanza bado ananyonya. Hawakuwa na sindano wala kipandikizi, walikuwa na mwiko. Leo kazi hiyo inafanywa na uzazi wa mpango. Subiri upone, karibu wiki 6, mwende kliniki wote wawili mkachague njia. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa masharti matatu yakitimia kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku bila kingine, na hedhi haijarudi. Likivunjika sharti moja, kinga imekwisha.

Kinachoniumiza kuhusu kubemenda ni lawama. Mtoto akidhoofu, mke anamshuku mume ametoka nje, mume anamshuku mke, na wote wawili wanamficha mtoto kwa aibu. Analetwa kwetu akiwa amebaki macho. Nimeona ndoa zikivunjika kwa kuhara ambako ORS (dawa ya chumvichumvi ya kuchanganya na maji) na zinki vingekutuliza.

Sasa kwa mama zako: waambie kulala chumba kimoja ni jambo moja na tendo la ndoa ni jingine. Mume arudi chumbani kwa kazi ya usiku. Akisikia mtoto, anaamka yeye, anambadili, anamleta kwako. Wewe unanyonyesha, unampa amcheulishe, unageukia ukutani unalala. Mtoto alazwe chali, ndani ya chandarua chenye dawa, kila usiku. Malaria ya huku hamuhitaji kusimuliwa.

Dada wa Chuno

“Manii hayaendi kwenye ziwa.” Sijui nitamwambiaje mama mkwe sentensi hiyo.

Mkunga Mstaafu, Nachingwea

Usimwambie wewe. Mpeleke kliniki siku ya mahudhurio, amwambie muuguzi mwenye nywele nyeupe kama mimi.

Korosho Ghafi

Mimi niko Tandahimba, mtoto wetu ni mdogo sana, na sasa ndio kupuliza mikorosho. Natoka alfajiri na mashine mgongoni, narudi jioni nimejaa salfa mpaka kope. Kupuliza kukiisha ni kuokota, halafu foleni ya ghala la AMCOS (chama chetu cha ushirika), halafu kusubiri mnada. Hizo kazi za kuogesha na kadi nitazifanya saa ngapi? Na nikisema nimechoka nakuwa mwanaume mbaya?

Nyota ya Mikindani

Hapana, na mkeo naye asihesabiwe kuwa ameshinda nyumbani amepumzika. Wote wawili mmechoka, tuanzie hapo.

Kwanza salfa. Usimguse mtoto kabla hujaoga na kubadili nguo, hata akilia vipi. Vumbi lile linawasha macho na kifua cha mtu mzima, sembuse mtoto mchanga. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, na mifuko na mashine visilale chumbani kwenu. Najua vinaibwa. Tafuta stoo ya jirani, mlipane.

Pili, wewe chukua jioni. Mtoto mchanga huanza kulia sana bila sababu unayoiona kuanzia kama wiki ya pili, kilio kinafika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha kinapungua taratibu hadi miezi 3 au 4. Na wengi wanachagua jioni, saa ileile mama ameisha kabisa. Basi ukishaoga na kula, mtoto ni wako mpaka saa 3. Anyonye akihitaji, kisha arudi kwako. Tembea naye uani, mwimbie, msimulie bei ya korosho, hajali. Mkeo alale saa hizo. Usingizi wa mfululizo wa saa mbili tatu unamrudishia akili kuliko kitenge kipya.

Ukiona hasira inapanda na kilio hakikatiki, mlaze chali mahali salama, toka nje, vuta pumzi, rudi baada ya dakika chache. Mtoto hatikiswi kamwe. Shingo yake haijakaza, na mtikisiko mmoja wa hasira unaweza kumvujisha damu kwenye ubongo. Hili wanaume wengi huku hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote, kwa sababu mafunzo yote ya mtoto hutolewa chumbani, wao wakiwa barazani.

Fundi Mingoyo

Naongeza kazi moja ambayo haijatajwa na mimi naiona ndiyo kubwa: wageni.

Huku Lindi mtoto akizaliwa mtaa mzima unakuja kumwona. Ni jambo zuri, wanaleta sabuni, khanga, hela kidogo. Ila kila mgeni anakaa, anataka chai, na anataka kumbeba. Mke wangu alikuwa anainuka na mshono wake kwenda kuchemsha maji kwa ajili ya watu waliokuja kumpa pole kwa mshono! Nikaichukua hiyo. Mlango ukawa wangu. Mgeni anapokelewa na mimi, ndoo ya maji na sabuni iko hapo, ananawa kwanza. Mwenye mafua anamwona mtoto akiwa mlangoni. Chai nachemsha mimi, na ikipita adhuhuri nasema mzazi amelala, hata kama yuko macho anatazama simu. Mashangazi walinuna kidogo, wakazoea.

Mwanaume anayesema hana cha kufanya nyumbani kwa mzazi, aanze na mlango. Kazi hii ina heshima yake, hata wewe @Ngalawa Bovu unaiweza mbele ya mashemeji.

Ngalawa Bovu

Hii ya mlango naichukua. Nepi tujadiliane.

Mtumishi wa Masasi

Kwa walioajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi siku 84, au 100 akipata mapacha. Baba anapata siku 3 zenye malipo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Akirudi kazini, mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku kwa ajili ya kunyonyesha. Wengi hawaziombi hizo saa 2, wanaona haya.

Siku 3 za baba ni kichekesho, lakini kichekesho hicho usikiachie mwajiri. Na mvuvi, bodaboda na mkulima hawana hata hizo.

Kwenye siku 84 kuna mtego. Hizo ni wiki 12, wakati mtoto anatakiwa maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, bila maji, bila uji. Lazima mpange mapema nani atabaki naye na atakunywaje. Sisi mke alikamua asubuhi kabla ya kwenda ofisini, mimi nikawa naosha na kuchemsha vyombo usiku, dada wa nyumbani akawa ananywesha kwa kikombe kidogo.

Mkunga Mstaafu, Nachingwea

Sahihi. Kwa joto letu maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje ya friji muda wa kufika saa 4, na yaliyobaki kwenye kikombe mtoto alichonywea yamwagwe.

Msomaji wa Ligula

Niliwahi kusoma kuhusu mtafiti wa ndoa John Gottman na wenzake kule Marekani. Waliwafuatilia maharusi kwa miaka, na matokeo waliyochapisha mwaka 2000 yalionyesha kwamba kama theluthi mbili ya wanawake waliopata mtoto waliona furaha ya ndoa imeshuka. Waliobaki salama, mojawapo ya sababu ilikuwa mume aliyemwonyesha mkewe mapenzi na aliyekuwa anajua nini kinaendelea kwenye maisha yake. Kwa hiyo msidhani ni Mtwara tu.

Mzee wa Msimbati

Hao hawana bibi.

Nyota ya Mikindani

Mzee hapo umenifunga bao. Kweli wengi hawana, na wakifika nyumbani kutoka hospitali ni wao wawili na kuta. Sisi tunaye. Ninachoomba ni bibi awafundishe wawili badala ya mmoja.

Na hilo la mume kujua kinachoendelea ndilo jambo lenyewe. Nikiingia nyumba, swali langu kwa baba siku hizi ni: mkeo alikula saa ngapi leo? Wanaolijibu bila kugeuka kumwangalia mke, ile nyumba siendi tena haraka.

Dada wa Chuno

Jamani kuna siku nalia bila sababu. Mtoto mzima, mume mzuri, nalia. Mama anasema nina deko.

Mkunga Mstaafu, Nachingwea

Siku za mwanzo baada ya kujifungua machozi ni ya kawaida kwa wengi, mara nyingi yanaanza kama siku ya 3 na kwisha ndani ya wiki mbili. Wewe umeshapita hapo, kwa hiyo usikae nalo. Kama huzuni ni ya siku nyingi, hulali hata mtoto akiwa amelala, chakula hakipiti, humpendi mtoto unavyotamani kumpenda, huo ni ugonjwa na una tiba. Deko halimo. Na ikija fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usilale nayo hata usiku mmoja: mwamshe mumeo, mwende kituo saa hiyohiyo.

Akina baba, mtu wa kwanza kuona mabadiliko haya ni ninyi, kwa sababu mbele ya mama yake atajikaza. Baba naye huweza kupatwa na sonona, akaifunika kwa pombe au kwa kutorudi nyumbani.

Nikiwa hapahapa, baba ashike hizi kichwani za mtoto mchanga: kukataa kunyonya, joto kali au mwili kuwa baridi, kupumua mbio zaidi ya mara 60 kwa dakika, degedege, umanjano uliofika viganjani na nyayoni, kitovu chenye usaha au wekundu unaosambaa. Ukiona mojawapo usingoje asubuhi, tafuta bodaboda au gari. Kitovu kiachwe kikavu, majivu na mafuta yasiguse.

Korosho Ghafi

Nimechukua kadi kwa mke wangu leo, mara ya kwanza naisoma. Imeandikwa wiki ya 6, 10 na 14, halafu miezi 9 na 18. Hiyo ya wiki ya 6 itaangukia siku ya kupuliza shamba la chini.

Nyota ya Mikindani

Shamba la chini lipulizwe siku inayofuata, au umlipe kijana akusaidie. Nendeni wote. Wiki ya 6 ni nzito: sindano za mapaja, matone ya mdomoni, na mama naye anaangaliwa na kuzungumzwa uzazi wa mpango. Usiku ule mtoto anaweza kuchemka kidogo na kusumbua, ndiyo zamu yako.

Dada wa Chuno

Mrejesho. Nimemsomea mama uzi mzima, nimeruka ile sentensi. Mjomba pia amepiga simu, sijui nani kamwambia. Uamuzi: mume anarudi chumbani kuanzia leo, ila kwenye mkeka, na mtoto ataogeshwa naye jioni mama akiwa amesimama pembeni. Kadi ni yake. Kukanda mzazi, mama kasema hapo mwanaume asikanyage.

Mkunga Mstaafu, Nachingwea

Hapo kwenye kukanda mwachie mama. Ila maji yawe ya uvuguvugu, yasiunguze, na kama ulijifungua kwa upasuaji, kidonda hakikandwi.